REDIO INAYONATA SIYO REDIO ILIYOKUFA



Somo letu la leo linahusu kitu kidogo, lakini kinaleta hasara na hata ugomvi katika nyumba. Ni kunata kwa ganda la redio, rimoti, tochi, kamera na simu za zamani.

Pengine jambo hili umeliona. Kifaa kilikuwa kizuri siku kiliponunuliwa. Ukikishika, kilikuwa laini kama mpira, hakitelezi mkononi. Miaka imepita. Leo ukikishika kinanata kama kimepakwa asali. Vidole vinabaki na weusi. Vumbi, nywele na nyuzi za nguo zinaganda juu yake. Unakifuta kwa maji na sabuni. Kesho yake kinanata tena.

Hapo maneno huanza. Baba anasema, "Watoto wamemwaga soda." Mama anasema, "Ni wewe uliyekishika na mikono ya mafuta." Mtoto anachapwa bure. Mwingine anakipeleka kwa fundi. Mafundi wengi ni waaminifu. Lakini hakosekani mmoja wa kusema, "Hii imekwisha, mzee. Niachie kwa bei ya vipuri." Mwenye redio anapokea shilingi chache, kumbe redio yake ni nzima kabisa ndani.

Basi tujifunze. Kwanza tujue sababu, halafu tujue dawa.

KITU GANI KINACHONATA?

Chukua redio ya namna hiyo uitazame. Ganda lake limetengenezwa kwa plastiki ngumu. Juu ya ile plastiki ngumu, kiwandani wamepuliza rangi laini, nyembamba sana. Rangi hii ndiyo inayofanya kifaa kiwe laini mkononi kama mpira. Tuiite rangi laini.

Rangi laini imetengenezwa kwa kitu kinachoitwa poliyurithani. Jina ni refu, lakini lisome polepole: po-li-yu-ri-tha-ni. Kitu hiki kilivumbuliwa Ujerumani mwaka 1937 na mtaalamu aitwaye Otto Bayer na wenzake. Hutumika katika mambo mengi: magodoro ya sponji, soli za viatu, gundi, na rangi.

Redio za zamani za vijijini hazikuwa na rangi hii. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni mbili katika Tanzania kwa njia ya redio na vikundi vya kusikiliza. Redio za siku zile zilikuwa na ganda la mbao au plastiki ngumu tupu. Zilizeeka, zilipasuka, lakini hazikunata namna hii. Rangi laini ilienea sana katika vifaa vya umeme na betri kuanzia miaka ya 1990. Kompyuta za ThinkPad, zilizotoka mwaka 1992, zilijulikana kwa ganda lao jeusi lenye ulaini huo. Baadaye rangi hiyo ikaonekana kwenye simu, kamera, rimoti, darubini, tochi na redio ndogo.

KWA NINI INANATA?

Fikiria kamba ya katani. Kamba ni imara kwa sababu nyuzi zake ni ndefu na zimeshikana. Sasa iache kamba hiyo kwenye maji miezi mingi. Nyuzi zinaoza, zinakatika vipande vifupi. Ukiivuta, inaachia. Haikuwa na kosa lolote, ila maji yameikata.

Rangi laini nayo ni hivyo hivyo. Imejengwa kwa minyororo midogo mno, mirefu, ambayo macho hayawezi kuiona. Hewa tunayovuta ina unyevu, yaani maji yasiyoonekana. Unyevu ule unaingia katika rangi polepole na kuikata minyororo. Minyororo mirefu ikiwa mifupi, rangi haiwezi tena kujishikilia. Inakuwa tope, inanata.

Yapo mambo manne yanayoharakisha kazi hiyo:

1. Joto. Kifaa kilichoachwa juani, juu ya bati au ndani ya gari, huharibika mapema.

2. Unyevu mwingi. Pwani, kama Tanga na Zanzibar, hewa ina joto na unyevu pamoja. Mahali pakavu kama Dodoma, kifaa kile kile huweza kukaa muda mrefu zaidi.

3. Jasho na mafuta ya mikono. Ndiyo maana mara nyingi kunata huanza pale vidole vinaposhika.

4. Uharibifu wenyewe. Minyororo inapokatika hutoka asidi kidogo, na asidi hiyo inasaidia kukata minyororo mingine. Kwa hiyo ikisha kuanza, haisimami.

Jambo moja huwashangaza watu. Kifaa kilichofungiwa sandukuni bila kutumika nacho hunata, maana unyevu na joto vinaingia hata sandukuni. Hata viatu hufanya hivyo. Mtu anaweka viatu vya sikukuu kabatini miaka kadhaa. Siku ya harusi anavivaa, soli inamong'onyoka njiani vipande vipande. Si panya, si mchawi. Ni poliyurithani iliyokatwa na unyevu.

Sasa umeelewa kwa nini sabuni haisaidii. Sabuni inaondoa uchafu uliokuja kutoka nje. Hapa kinachonata siyo uchafu. Ni rangi yenyewe iliyooza. Nayo haiwezi kurudi kuwa nzima, kama vile maziwa yaliyoganda hayarudi kuwa mabichi. Dawa ni moja tu: kuiondoa yote, ibaki plastiki ngumu iliyo chini yake.

PIMA KWANZA

Usianze kazi kabla ya kujua ugonjwa. Kunata kuna aina nyingi.

Aina ya kwanza ni uchafu wa kawaida: soda, chai, mafuta ya kupikia. Futa kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni. Kikauke. Kama hakinati tena baada ya siku mbili, basi kazi imekwisha.

Aina ya pili ni rangi laini iliyooza. Chukua pamba yenye spiriti kidogo. Sugua mahali padogo pasipoonekana, kwa mfano chini ya kifaa. Pamba ikitoka na rangi, na chini yake ukaona plastiki ngumu, safi, ujue ndiyo hiyo.

Aina ya tatu ni kitu ambacho ni mpira au plastiki laini mpaka ndani, kama vitufe vya mpira vya rimoti au ngozi ya waya. Hapo hakuna plastiki ngumu chini. Ukiendelea kusugua utakimaliza chote. Acha. Na kama ni waya wa umeme wa ukutani ambao ngozi yake inanata, inapasuka au inatoka, usiutumie. Nunua mwingine. Waya ulio wazi unaua.

Aina ya nne ni maji ya betri. Fungua mfuniko wa betri. Ukiona unga mweupe au kijani, betri zimevuja. Hilo ni tatizo lingine, usilichanganye na hili. Usiushike unga huo kwa mikono mitupu.

VITU VINAVYOTAKIWA

Vitu vyenyewe ni vichache:

– Spiriti ya kusafishia kutoka duka la dawa. Iliyo bora ni ile inayoitwa isopropili. Soma lebo. Yenye asilimia 70 inafaa. Yenye asilimia 90 au zaidi inafanya kazi upesi zaidi na inakauka haraka.
– Vitambaa vya pamba vyeupe vikuukuu. Vyeupe ni vizuri kwa sababu utaona rangi inavyotoka.
– Mswaki wa zamani na kijiti kilichochongwa bapa.
– Glavu za mpira, kama zipo.
– Gazeti la kutandika. Lisome kwanza!
– Daftari na kalamu.

Watu huuliza: "Je, kitakasa mikono tulichonunua wakati wa korona kinafaa?" Kina spiriti, ndiyo, lakini kile kizito kama uji kina vilainishi pia. Vilainishi hivyo vinabaki juu ya kifaa na kuleta utelezi. Afadhali spiriti tupu.

MAONYO MATATU KABLA YA KUANZA

La kwanza ni moto. Spiriti inashika moto upesi sana. Hata mvuke wake unashika. Usifanye kazi hii jikoni, wala karibu na jiko, kibatari, mshumaa au mtu anayevuta sigara. Fanya nje kivulini, au chumba chenye madirisha wazi.

La pili ni sumu. Spiriti ya kusafishia siyo kinywaji. Spiriti nyingine zina methanoli, ambayo inapofusha macho na kuua. Mwezi Mei 2014, katika Kenya, watu wengi walikufa na wengine wakapofuka kwa kunywa pombe yenye methanoli. Kwa hiyo usiimimine kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Iache katika chupa yake yenye lebo, juu, mbali na watoto.

La tatu ni umeme. Zima kifaa. Chomoa waya. Toa betri. Kama ni simu ambayo betri yake haitoki, izime kabisa.

HATUA ZA KAZI

Hatua ya 1. Andika vitufe.
Hii ndiyo hatua ambayo wengi huisahau, na baadaye hujuta. Maandishi ya vitufe, kama sauti, wimbi, washa na zima, mara nyingi yamechapwa juu ya rangi laini. Rangi ikitoka, maandishi nayo yanatoka. Spiriti haijui herufi. Basi chora sura ya kifaa katika daftari, na kila kitufe andika jina lake kama lilivyo. Mtu asiyejua kusoma angeirudisha redio safi lakini bubu, hajui kitufe kipi ni kipi. Wewe unajua kuandika. Itumie elimu yako.

Hatua ya 2. Tenganisha kinachotenganishika.
Mfuniko wa betri ukitoka, utoe na uusafishe peke yake. Kama huna ujuzi wa kufungua redio, usiifungue. Kazi hii inawezekana bila kufungua.

Hatua ya 3. Lowesha kitambaa, siyo kifaa.
Usimimine spiriti juu ya redio hata kidogo. Itapita kwenye matundu ya spika na vitufe, iingie ndani. Lowesha kitambaa, kikamue, kiwe na unyevu tu.

Hatua ya 4. Bandika, subiri, sugua.
Weka kitambaa juu ya sehemu ndogo, kama upana wa vidole vitatu. Kiache kama dakika moja ili rangi ilegee. Kisha sugua kuelekea upande mmoja. Usizungushe ovyo, maana utasambaza tope. Kitambaa kikijaa weusi, geuza upande mwingine au chukua kingine. Ukisugua kwa kitambaa kichafu, unapaka upya kile ulichotoa.

Hatua ya 5. Ingia kwenye mifereji na kona.
Tumia mswaki wenye spiriti kidogo. Pale rangi ilipoganda nene, ikwangue taratibu kwa kijiti. Usitumie kisu. Kisu kinaacha makovu ambayo hayafutiki.

Hatua ya 6. Rudia.
Mara ya kwanza ganda litaonekana baya kuliko mwanzo, lina mabaka mabaka. Wengi hukata tamaa hapo. Usiache! Ngoja likauke, halafu rudia mara ya pili, hata ya tatu. Hii siyo kazi ya dakika mbili. Utajua umemaliza pale kitambaa cheupe kinapotoka cheupe, na kidole kinapoteleza bila kushikwa.

Hatua ya 7. Malizia.
Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, halafu kwa kikavu. Acha kifaa wazi kivulini saa kadhaa mpaka kikauke kabisa. Ndipo urudishe betri. Ganda sasa litang'aa kidogo na kuteleza kidogo kuliko zamani. Siyo kosa. Hiyo ndiyo plastiki yenyewe.

Hatua ya 8. Andika upya.
Kata vikaratasi vidogo. Andika SAUTI, WIMBI, WASHA, kufuatana na mchoro wako. Bandika kwa selotepu juu ya mahali pake. Mtoto, bibi na mgeni wote wataweza kuitumia.

Vitambaa vichafu usivirundike ndani ya nyumba, wala usivitie jikoni. Vianike nje mbali na moto mpaka spiriti iishe, kisha vitupe shimoni. Nawa mikono kwa sabuni.

KAMA SPIRITI HAIPO

Ipo njia ya pili, ya polepole. Tumia baking soda, ule unga mweupe wa kuumulia maandazi. Changanya na maji kidogo mpaka uwe uji mzito. Paka, sugua kwa kitambaa chenye unyevu, kisha suuza na kukausha. Njia hii ina maji mengi, kwa hiyo ifanye kwenye vipande vilivyotenganishwa tu, kama mfuniko wa betri au ganda tupu la rimoti.

Angalia sana: usitumie magadi soda ya kutengenezea sabuni. Ile ni kali, inaunguza ngozi na macho. Majina yanafanana lakini vitu si kimoja. Soma pakiti kabla ya kununua.

USIFANYE HIVI

Usitumie petroli. Ni hatari ya moto, na inaharibu plastiki nyingi.

Usitumie thina wala dawa ya kuondoa rangi ya kucha yenye asetoni. Hizo zinayeyusha plastiki ngumu yenyewe. Ulikuwa na redio inayonata, sasa utakuwa na redio iliyoyeyuka.

Usipake mafuta ya kupikia wala mafuta ya taa. Yanaongeza tatizo.

Usitie spiriti kwenye kioo cha plastiki, kama kile cha kuonyeshea namba za stesheni. Vioo vingine vya plastiki hupata nyufa ndogo ndogo kwa spiriti. Futa kwa maji kidogo tu.

Na poda ya mtoto je? Wapo wanaopaka poda ili kifaa kisinate. Kweli, kitaacha kunata siku chache. Lakini poda inaficha tu, haiponyi. Chini yake rangi inaendelea kuoza.

Usikichome moto kifaa cha zamani, hata kama kimeshindikana. Moshi wa plastiki za vifaa vya umeme ni sumu, na betri zinaweza kulipuka.

KINGA

Je, inawezekana kuzuia? Kuzuia kabisa haiwezekani, kwa sababu unyevu uko katika hewa yote. Kuchelewesha inawezekana. Weka kifaa kivulini, mahali pakavu penye hewa. Kifute jasho kwa kitambaa kikavu. Usikifunge kikiwa na unyevu ndani ya mfuko wa plastiki, maana utakuwa umefunga unyevu pamoja nacho. Kifaa usichokitumia, toa betri zake.

Na unaponunua kifaa cha mtumba, kishike kwanza. Bonyeza kidole gumba juu ya ganda, uhesabu mpaka tano, halafu uinue. Kidole kikishikwa, ujue rangi imeanza kuoza. Siyo lazima ukikatae. Kiwashe, kisikilize. Kama ndani ni kizima, zungumza bei. Muuzaji akikuambia "uchafu tu huo", wewe sasa unajua zaidi.

TUFANYE HESABU

1. Chupa ya spiriti ina mililita 100. Lebo inasema asilimia 70. Je, spiriti ndani yake ni mililita ngapi? Kinachobaki, ambacho zaidi ni maji, ni karibu mililita ngapi?

2. Tuseme spiriti inauzwa shilingi 3,000 na glavu shilingi 500. Redio mpya ni shilingi 25,000. Mtu akisafisha redio yake badala ya kununua mpya, ameokoa shilingi ngapi?

3. Chupa hiyo moja inatosha rimoti na redio za nyumba tatu, na kila nyumba ina glavu zake. Nyumba hizo zikichanga sawasawa fedha ya spiriti, kila moja italipa shilingi ngapi?

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini sabuni peke yake haiwezi kuponya ganda lenye rangi laini iliyooza?
2. Taja mambo manne yanayoharakisha kunata.
3. Kuna tofauti gani kati ya redio inayonata na waya wa umeme unaonata? Kwa nini waya hausafishwi?
4. Mwenzako ameweka spiriti katika chupa ya soda. Utamwambia nini?
5. Kwa nini tunachora vitufe katika daftari kabla ya kuanza?

MANENO YA KUKUMBUKA

Ganda – sehemu ya nje ya kifaa.
Unyevu – maji yaliyo katika hewa au katika kitu.
Isopropili – aina ya spiriti ya kusafishia.
Methanoli – aina ya spiriti yenye sumu kali.
Lebo – karatasi yenye maelezo iliyobandikwa kwenye chupa au pakiti.

Majibu ya hesabu: 1. Mililita 70, karibu mililita 30. 2. Shilingi 21,500. 3. Shilingi 1,000.

KAZI YA NYUMBANI

Tazama vifaa vilivyo nyumbani mwako. Andika orodha ya vile vinavyonata. Mbele ya kila kimoja andika ni aina gani ya kunata: ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne. Kisha chagua kimoja cha aina ya pili, anza na kile cha bei ndogo kama rimoti, ukijaribu. Mkono ukisha kuzoea, ndipo uiguse redio. Na kama yupo mtoto aliyechapwa kwa ajili ya soda ambayo hakuimwaga, mwite akusaidie kushika gazeti, umweleze ukweli.